Mwambie Sumaili

Ninyi walimu vijana mliobaki na funguo za chumba cha mazoezi, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Sijaisahau. Nilichosahau ni habari za kupandishwa vyeo na hotuba za wakubwa waliokuja kutufungulia majengo, na nadhani hamtazikosa. Nitaanza na pensi.

Siku yangu ya kwanza hospitalini hapa Kasongo, nikiwa nimetoka tu shuleni, nilikabidhiwa kwa muuguzi mzee tuliyemwita Mwalimu Ramazani. Alikuwa mtu mfupi, msafi kupita kiasi, na mchoyo wa maneno. Hakumkosoa mtu kwa mdomo. Mkononi alikuwa na pensi ya chuma, ile ya kukamatia pamba, na ukikosea aliigonga kwenye sinia la vyombo. Akigonga mara moja, maana yake simama. Mara mbili, rudi ukanawe mikono. Mara tatu nilisikia siku moja tu, na aliyegongewa aliacha uuguzi akaenda kuuza vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, sokoni, ambako mambo yalimnyookea kuliko sisi sote.

Nilimpenda mzee yule na nilimwogopa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchemsha vyombo juu ya makaa bila kuviunguza, na kupitisha ncha ya sindano juu ya pamba kabla ya kumchoma mtu. Ikikamata nyuzi, imepinda, weka pembeni. Alinifundisha pia kumsalimu mgonjwa kwa jina lake na la kijiji chake, hata kama nyuma kuna watu kumi wanasubiri. Lakini ile pensi sikuipenda. Asubuhi moja kulikuwa na mama kutoka upande wa Lusangi, uchungu umeshamkamata vizuri, mzee akagonga sinia mara moja. Mama akanishika mkono.

"Mama muganga, ile chuma inalia juu ya nini? Mutoto yangu iko na nini?"

Mtoto alikuwa salama kabisa. Mimi ndiye niliyeshika mkasi vibaya. Nilimwambia hakuna kitu, naye hakuniamini, akakaa na hofu hiyo hadi alipojifungua. Nilimwonea huruma sana. Kuanzia siku hiyo nikawa na swali kichwani: utamkosoaje mwenzako mbele ya mgonjwa, kosa lisipite, na mgonjwa asishtuke? Mwalimu Ramazani nisingethubutu kumwuliza. Angegonga.

Baadaye nikahamia shule ya uuguzi, nikawa mwalimu wa mazoezi. Mnajua chumba chenyewe, ingawa siku zile paa lilivuja pale lilipo kabati sasa. Sindano tulijifunzia kwenye papai bichi, kwa sababu ngozi yake inakataa kidogo kisha inakubali, kama ngozi ya mtu. Baada ya somo mapapai yale hayakuliwa, hilo nalisema kwa ajili ya waliokuwa wanatushuku. Kwa mtoto mchanga tulikuwa na mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa mchanga, mzito kama mtoto kweli, lakini hana kifua cha kupanda na kushuka. Kisha tukaletewa Sumaili.

Sumaili ni yule mtoto wa plastiki mnayemjua. Ukimwekea maski usoni na kubonyeza balo, ule mfuko wa mpira wa kupulizia hewa, kifua chake kinapanda ikiwa umemshika sawasawa. Ikiwa hukumshika sawasawa, kinakaa kimya. Darasa lililompokea lilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Sumaili, aliyezoea kulala mdomo wazi katika somo la anatomia, na walipomwona mtoto huyu akichomolewa kwenye boksi wakacheka wote pamoja. Jina likaganda. Sumaili mwenyewe leo ni muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya, na nikikutana naye namwuliza kama siku hizi analala.

Shida yetu ilikuwa moja: Sumaili mmoja, mwalimu mmoja, darasa limejaa. Waliokaa mbele walijifunza. Waliosimama nyuma walijifunza visogo vya wenzao. Ndipo tukafikiria wanafunzi wa mwaka wa nne wawafundishe wa mwaka wa pili, mmoja kwa mmoja, mchana baada ya masomo. Si wazo langu, shule nyingine zilikuwa zinafanya. Direkta wetu wa masomo, Bwana Assani, alikuwa mtu mwema mwenye shaka na kila kitu kisichokuwa na muhuri.

"Mama Mwajuma," aliniambia, "mutoto atafundisha mutoto nini?"

"Kile alichofundishwa juzi, Direkta, na bado kinamuuma."

Akafikiri. Akasema tujaribu mpaka wanafunzi warudi kutoka staji, yale mazoezi ya kazini vituoni. "Nikikuta wa mwaka wa pili hawajui kitu, tunafunga. Kila mutu anarudi mu benchi yake."

Ili asilaumiwe kwa upendeleo, akaamua walezi hao wa mwaka wa nne wagawiwe wanafunzi wao kwa kura. Aliandika majina ya wa mwaka wa pili kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia katika bakuli la bati, na kila mwanafunzi wa mwaka wa nne akachomoa chake. Riziki, msichana aliyekuwa wa mbele katika darasa lake, akachomoa jina la Feza. Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani ni jua la dirishani.

Feza alikuwa mtu mzima. Aliacha shule zamani akaolewa, akazaa, na watoto walipokua akarudi kukaa benchi moja na wasichana wa umri wa binti yake, hana aibu hata kidogo. Bakuli la Direkta halikujua kwamba Feza ni dada mdogo wa baba yake Riziki. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kikwembe. Unampokea mzigo, unampisha kiti, na ukiambiwa naye kwamba mvua inanyesha, huendi dirishani kuhakikisha. Na huyu alikuwa amembeba Riziki mgongoni.

Mimi sikulijua hilo. Niliona tu kwamba walezi wengine walikuwa wanabishana na wanafunzi wao mpaka chumba kinavuma, na kwenye meza ya Riziki kulikuwa na utulivu wa msikitini. Nikasogea. Feza alikuwa na mikono mizuri, yenye nguvu ya mtu aliyetwanga miaka mingi. Kosa lake lilikuwa moja: aliirudisha shingo ya Sumaili nyuma mno, kama anayemnywesha dawa mtoto mkaidi. Shingo ikienda nyuma mno, njia ya hewa inajibana, sawa na ikiinama mbele. Pua ya mtoto itazame juu, basi. Feza akabonyeza, kifua hakikupanda. Riziki akanyoosha mkono, akairekebisha shingo mwenyewe, taratibu, kama anayefuta vumbi. Feza akabonyeza tena, kifua kikapanda.

"Iko muzuri, Shangazi," akasema Riziki.

Na Feza akaamini kwamba ni yeye aliyefanya.

Nilimwita Riziki barazani. "Uliona shingo?"

"Niliona, Mama."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Aliinamisha macho. "Ni shangazi yangu, Mama. Ni yeye alinibeba mu mugongo. Mimi nitamuambia: Shangazi, unakosea? Mbele ya watu? Baba akisikia atasema nini?"

Direkta alipopata habari alitaka tubadilishe mara moja, Riziki apewe mwingine. Nilikataa, na tulivutana siku nzima. Nilimwambia hospitalini hakuna bakuli. Huko atakuta daktari aliye mkubwa kwake, muuguzi aliyesoma na mama yake, mkwe wa dada yake. Katika Maniema yetu kila mtu ni shangazi wa mtu. Asipofungua mdomo hapa mbele ya plastiki, ataufungua wapi? Bwana Assani akasema vizuri, wabaki, lakini akaniambia wazi kwamba Riziki na Feza ndio atakaowatazama. Nilirudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimemkatalia Direkta bila kuwa na dawa ya kumpa Riziki.

Staji ilikuwa Kabambare. Njia ya Kabambare mnaijua, au mtaijua. Tulikwenda kwa pikipiki, mimi nyuma ya dereva, na Sumaili amefungwa juu ya mizigo kwa kipande cha mpira, kichwa kiko nje. Kila kijiji tulichopita akina mama waliacha majembe yao. Mmoja alitukimbilia mpaka dereva akasimama.

"Wee mama, mutoto anakufa na jua! Wewe haukuzaa?"

Nikamwonyesha. Alimgusa shavu, akamgeuzageuza, akatuambia hata hivyo tumfunike. Tukamfunika.

Kituo kilikuwa kidogo: chumba cha kuzalia, kitanda kimoja, meza ya mtoto karibu na dirisha. Tuliwagawa wanafunzi kwa jozi zile zile. Siku za mwanzo zilikuwa za kawaida, malaria, vidonda, akina mama wa kliniki. Kisha asubuhi moja akaja mama kijana, mke wa mkulima, uzazi wa kwanza. Zamu ya mtoto ilikuwa ya Feza, na mlezi wake Riziki.

Mtoto alitoka mlegevu, hana sauti. Papo hapo mama akaanza kutoka damu nyingi. Muuguzi mkuu wa kituo akamtundikia maji, kisha akakimbilia chumba cha dawa kuchukua sindano. Mimi nilibaki nikisugua tumbo la mama ili kizazi kikaze, mgongo wangu umeelekea dirishani. Riziki alikuwa ng'ambo ya kitanda, mkono mmoja umeinua chupa ya maji, mwingine umeushika mkono wa mama sindano isitoke. Feza peke yake alikuwa mezani na mtoto.

Niliyoyajua niliyajua kwa masikio. Nilimsikia akimkausha na kumsugua mgongo kwa kitambaa, vizuri. Nikasikia balo likibonyezwa, na hewa ikivuja. Tena. Sikusikia kilio. Nisingeweza kugeuka; ningeacha tumbo lile, mama angekwenda.

"Riziki," nikasema, "unaona kifua?"

"Naona, Mama."

"Kinapanda?"

Nilimtazama usoni. Mdomo ulikuwa wazi, macho yameelekea kwa shangazi yake, na mikono yote miwili imefungwa na kazi. Safari hii asingeweza kunyoosha mkono na kurekebisha kimyakimya. Balo likalia tena bure. Niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Ndipo Riziki akasema, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayebembeleza, akimsemesha yule mtoto mchanga, si shangazi, na kumwita tata, yaani baba: "Tata mudogo, karibu. Shingo yako imeenda sana nyuma. Leta kichwa mbele kidogo."

Nikasikia balo limenyamaza.

"Eee, vile. Kidogo tena. Pua iangalie juu. Sasa kunywa hewa, tata."

Balo likabonyezwa, na safari hii hewa haikuvuja.

"Kifua yako imepanda, tata mudogo. Tena. Tena vile vile."

Sijui ilikuwa mara ngapi. Najua kwamba muuguzi mkuu alirudi akamchoma mama sindano, kizazi kikakaza chini ya mkono wangu kama ngumi, damu ikapungua, na nyuma yangu mtoto akakohoa, kisha akalia kwa hasira. Nililia na mimi, kidogo, nikajifuta kwa bega.

Mama yule, tulipomwekea mtoto kifuani, aliuliza jambo moja tu. "Ule dada, alikuwa anaongea na mutoto yangu vile juu ya nini?"

"Alikuwa anamukaribisha," nikasema.

Akatabasamu. Hakujua kwamba mbele yake mtu amekosolewa. Nilimkumbuka mama wa Lusangi na ile chuma iliyolia.

Mchana tulikuwa nyuma ya kituo tunaosha vyombo, Feza na Riziki kila mmoja na beseni lake, hawajasemezana tangu asubuhi. Sumaili alikuwa amelazwa juani akikauka. Nilimwuliza Riziki maneno yale aliyatoa wapi.

"Kwetu, Mama. Mama yangu hawezi kukosoa nyanya, ni mama mukwe wake. Nyanya akisahau chumvi mu mboga ya sombe, Mama anashika mutoto mudogo anamuambia, 'Leo sombe yako haina chumvi, baba.' Nyanya anasikia, anaenda kutafuta chumvi. Hakuna mutu amegombana."

Hata kwetu ilikuwa hivyo. Nyumba zote nilizokulia, za Waislamu wa mjini na za Wakristo wa mashambani, wanawake walisemeshana kupitia watoto, nami nililelewa ndani ya mazungumzo hayo nikiwa ndiye mtoto. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo la jikoni linaweza kuingia katika chumba cha kuzalia.

Feza alimaliza kusuuza beseni. Akamwinua Sumaili, akamfuta uso kwa ncha ya kikwembe, akamtazama vizuri.

"Sumaili," akasema, "muambie yaya yako Riziki, ndugu yako mukubwa, siku ingine asichelewe kusema. Muambie shangazi yake iko na masikio."

Riziki aliweka pensi chini akafunika uso kwa mikono yenye sabuni. Feza akamwacha alie, akaendelea na vyombo.

Bwana Assani tulipomsimulia aliuliza raporo, ile ripoti ya staji, ataiandikaje. Nilimwambia aandike kwamba Sumaili amefaulu. Hakuandika hivyo, lakini hakufunga, na lile bakuli lake likarudi jikoni.

Tangu hapo somo la kwanza la walezi halikuwa la ufundi. Mlezi anakaa mbele ya mwenzake anayekosea makusudi, naye anajifunza kumwambia Sumaili. Masharti yake mmeyakuta, lakini nayarudia. Sema la kufanya, usiseme lililokosewa. Sema jambo moja. Sema kwa sauti ambayo mama akiisikia atalala. Usiguse, acha mkono wa mwenzako ujirekebishe wenyewe, hata kama wako unawasha. Na kwenye dawa hatuzungumzi na mtoto: ukiona kipimo cha dawa kimekosewa, shika mkono wa mtu, awe shangazi, awe daktari, sema simama. Shangazi ataomba radhi baadaye, au wewe utaomba. Wapo waliotia chumvi, bila shaka. Kuna msichana alianza kumweleza Sumaili nani anamwandikia nani barua darasani, tukalazimika kumpa Sumaili likizo ya wiki.

Riziki baada ya miaka ya kazi alirudi shuleni, na sasa ni mwenzenu. Feza anazalisha akina mama huko Salamabila. Nasikia anawakosoa wachimba dhahabu pia, na kwao hapitii kwa Sumaili.

Mnajua niliomba kupumzika kabla watu hawajatarajia. Wengine wamesema nimegombana. Sikugombana na mtu. Ilikuwa mwanzo wa muhula, walezi wapya wameketi, Riziki amesimama ukutani, na mimi ndiye ninayewaonyesha, kama miaka yote. Nilimweka Sumaili sawa, pua imetazama juu, nikaweka maski, nikabonyeza. Kifua hakikupanda. Nikabonyeza tena. Kidole gumba changu cha kushoto kina muda hakinisikii, hasa asubuhi, na nilikuwa simwambii mtu.

Nikamtazama Riziki, naye akatazama sakafu. Hakuja kunirekebishia mkono. Kwenye benchi la pili kulikuwa na kijana mmoja, Shabani, mwoga, ambaye hata akiitwa jina lake huitikia kwa shida. Alisimama. Alimtazama mtoto, si mimi.

"Sumaili," akasema, sauti inatetemeka, "maski inaachia hewa pa shavu yako ya kushoto. Ikamatwe kidogo tena."

Nikakaza. Nilikaza kwa nguvu zote nilizonazo, nikabonyeza, na hewa ikavuja tena pale pale aliposema.

"Kidogo tena, Sumaili," akasema Shabani, na sasa sauti haikutetemeka.

Nilifurahi, na niliumia, yote mawili kwa pamoja, nisiwafiche. Nikamnyanyua mtoto yule wa plastiki, nikamtazama uso wake, mdomo wazi kama wa yule aliyempa jina.

"Sumaili," nikamwambia, "nenda kwa yaya yako Shabani. Mikono yangu imechoka."

Shabani akaja, akampokea kwa mikono miwili, akamlaza, akaweka maski, akabonyeza. Kifua kikapanda.